Karatasi Iliyoishia Kumi

Maabara ya Kemia, Chuo cha Ualimu
4 Februari

Jicho wangu,

Usifungue kichupa kabla hujamaliza kusoma. Najua hunisikii, umeshakifungua, lakini nimesema ili kesho nisilaumiwe.

Huo unga wa njano hafifu ndio kazi yangu ya mwaka mzima. Unaona ulivyo kiduchu? Mwenzangu wa fizikia alipouona aliniuliza kama nimepiga chafya ukapeperuka. Nimemwambia asubiri. Nimeufunga kwa nta, nikaufunga tena kwa pamba, na karani wa posta amenitazama kama mtu anayesafirisha bomu.

Mkurugenzi wako akiuliza, mwambie hivi: nilianza na fenoli ile ya kawaida, pete yenye OH juu na methili chini. Nikatia aldehidi pembeni mwa OH, jirani kabisa, mlango kwa mlango, bila kutumia klorofomu hata tone moja. Hiyo ndiyo habari. Wengine wote hutumia klorofomu, nao huishia na uchafu mweusi usiokauka. Mimi unga nimeupata ukiwa mkavu, tena kwa kondensa ya kioo yenye ufa na jiko la umeme ambalo huwaka linapojisikia.

Nimejaribu kwa kloridi ya chuma. Tone moja, ikageuka zambarau, zambarau ile isiyo na ubishi, nikaita darasa zima waje waone. OH ipo. Lakini najua huko kwenu zambarau si neno la kuambia watu. Huko mnataka spektra ya protoni, karatasi ya vilele juu ya mstari wa namba, kila haidrojeni isimame kwenye namba yake na kujitaja. Haya, isome.

Na sasa lile tunalolijua wote wawili, nilirudie ili nipate nguvu. Spektra ikionyesha ninachosema, nafasi ya utafiti hapo kwenu ni yangu kuanzia Julai, na Agosti tunafunga ndoa. Isipoonyesha, nafasi wanampa mwingine, na sisi tunarudi kwenye kuandikiana. Nimechoka kukuandikia, mpenzi wangu. Nataka kukuona ukikasirika, ukipiga miayo, ukitafuta viatu. Mama ameacha kuniuliza ni lini. Siku hizi ananitazama tu, na hilo ni baya zaidi.

Ningepiga simu, ila simu iko mezani kwa mkuu wa chuo, naye hujifanya anasahihisha ratiba huku masikio yote yako kwangu.

Usinipendelee. Isome kama ya mtu usiyemjua.

Wako,
Mzee wa Chupa


Taasisi, Chumba cha Mashine
19 Februari

Mzee wa Chupa,

Nimekifungua kabla ya kusoma. Ulitegemea nini?

Kimefika salama. Nimekitazama kwenye mwanga wa dirisha nikacheka peke yangu, maana hata namna ulivyofunga nta ni wewe mtupu, mizunguko kibao, kana kwamba unga utatoroka. Fundi wa mashine akauliza kuna nini. Nikamwambia mahari yangu imefika. Akacheka mpaka akakohoa.

Foleni ya mashine ni ndefu, watu wa dawa wameishika wiki hii. Lakini zamu yako ipo, imeandikwa.

Sikiliza sasa, nina habari ambayo nilitaka kuitunza nimeshindwa. Nimeona vyumba viwili juu ya duka la fundi cherehani, mtaa wa pili kutoka hapa. Jikoni kuna dirisha linaloangalia ua, na sebule ina ukuta mrefu usio na kitu, unaoweza kubeba vitabu vyako vyote na bado ikabaki nafasi ya kugombania. Mwenye nyumba ni mama mmoja mwenye maswali kama askari. Nitakaa na nani, nafanya kazi gani, napika kwa mkaa au kwa gesi. Nikamwambia mume wangu anakuja Julai. Nilivyolitamka lile neno mbele ya mtu, “mume wangu”, miguu ikawa myepesi. Nimetembea mpaka kazini nikitabasamu kama mjinga, watu wakanipisha njia.

Mkurugenzi ameniita ofisini kwake jana. Mambo ya kawaida tu, usijali.

Msalimie Mama. Mwambie asikutazame hivyo, atakumaliza.

Jicho wako


Taasisi, Chumba cha Mashine
2 Machi

Mpenzi,

Nimeanza barua hii mara kadhaa. Naiandika kama ninavyowaandikia wengine, kwa sababu nikiandika vingine sitamaliza.

Karatasi ya spektra nimeiweka humu ndani. Methili ipo, karibu na mbili nukta tatu, haidrojeni tatu, safi kabisa. Kwenye pete kuna haidrojeni tatu: moja karibu na sita nukta tisa, mbili pamoja juu kidogo ya saba. Hiyo inaonyesha kweli kuna kitu kimeingia kwenye pete. Aldehidi ipo, inasimama peke yake karibu na tisa nukta tisa. Sina neno juu ya hizo.

OH haipo.

Nimetafuta kuanzia nne mpaka saba, mahali ambapo OH ya fenoli hukaa. Nimetafuta kilele chembamba, nimetafuta kilichotanuka, nimetafuta hata kivimbe. Hakuna. Unga wako ni safi, haukubeba maji wala mabaki ya viyeyushio, kwa hiyo siwezi kusema imefichwa na uchafu. Sijui imekwenda wapi. Ninachojua ni kwamba siioni, na bila OH hii si fenoli, na mkurugenzi anataka saini yangu chini ya neno fenoli.

Sikusaini.

Ulisema nisikupendelee. Sikukupendelea. Natamani usingesema.

Jicho


Maabara ya Kemia, Chuo cha Ualimu
14 Machi

Jicho,

Barua nimepata. Karatasi pia. Nimeitandaza juu ya meza ya maabara, nikaweka jiwe kila pembe, nikaitazama kipindi kizima huku wanafunzi wakidhani nasahihisha. Nimeiona yote, mpaka pale ilipoishia.

Na ile zambarau? Kloridi ya chuma haina urafiki na mimi. Haikujua mimi ni mchumba wa nani. Iligeuka zambarau kwa sababu OH ipo.

Sibishani nawe. Katika chuo chote tulichosoma hakukuwa na mtu wa kusoma spektra kukuzidi, na ndiyo maana nilikupa jina ulilonalo. Jicho halikosi kitu. Hilo nalijua, na ndilo linaloniumiza.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja tu. Kama kuna jambo, niambie. Lolote lile. Mimi si mtoto.

Mama anasema hujambo.

Mzee wa Chupa


Taasisi, Chumba cha Mashine
27 Machi

Wewe,

Jambo gani? Unataka niseme nini?

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikadhani sijaelewa. Mara ya pili nimeelewa vizuri sana. Unataka nisaini. Husemi wazi kwa sababu unajua ni aibu, basi unazunguka zunguka, eti si mtoto, eti kama kuna jambo. Niweke saini chini ya kitu nisichokiona, kwa kuwa ni wewe? Halafu tukiwa tumekaa kwenye vile vyumba juu ya cherehani, tutazamane vipi?

Zambarau inaweza kutoka kwenye chembe ya fenoli uliyoanza nayo. Iliyobaki kidogo kuliko mashine inavyoweza kuona. Unalijua hilo, umewafundisha wanafunzi wako hilo hilo.

Unafikiri mimi sikuumia? Nilitoka ofisini kwa mkurugenzi na ile karatasi, nikaingia stoo ya viyeyushio, nikakaa juu ya pipa nikalia mpaka fundi akaja kugonga akidhani nimevuta hewa mbaya. Mwenye nyumba nimemwambia asinihifadhie tena. Amesema pole, akapandisha watu wengine palepale, mimi nikiwa bado kwenye ngazi.

Tuanze upya. Tengeneza unga mwingine, ulete mwakani, nitangoja. Mimi nangoja vizuri, hilo unalijua. Lakini usiniombe niseme naona wakati sioni.

Jicho


Maabara ya Kemia, Chuo cha Ualimu
10 Aprili

Jicho,

Nimekuelewa. Huna haja ya kujieleza zaidi.

Sitatengeneza unga mwingine. Nimemwandikia mkurugenzi wako kwamba najitoa, asinifikirie tena kwa nafasi ile wala nyingine.

Na wewe nakuachia nafasi yako. Tulivishana pete tukiwa hatuna hata kitanda cha maana, na miaka mitatu ya bahasha si maisha ya mtu. Umefika mahali pakubwa, kuna watu wakubwa, na mimi bado nabishana na jiko la umeme. Sina kinyongo. Ungeniambia tu kwa mdomo ningekubali vilevile, lakini nimekubali.

Usijibu, tafadhali. Ukijibu kwa upole nitarudi nyuma, na sitaki kurudi nyuma.

Nakutakia kila la heri, kwa moyo wangu wote.


Taasisi, Chumba cha Mashine
24 Aprili

Mpenzi wangu,

Kukuambia nini kwa mdomo? Umekubali nini?

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikampa hata fundi aisome anieleze, maana mimi kichwa kimekufa. Naye hakuelewa. Mimi nimesema sikuona OH. Hakuna mahali niliposema sikutaki. Nionyeshe mahali hapo, nitakukatia mwenyewe huo mstari nikuletee.

Kama ni ile barua ya hasira, naiomba radhi. Nilikuwa nimeumia. Wewe hunijui nikiumia? Nafoka halafu namwaga machozi halafu naomba chai.

Nijibu. Hata kama ni kunitukana.

Jicho wako, bado


Taasisi, Chumba cha Mashine
9 Juni

Mzee wa Chupa,

Hukujibu barua yangu ya Aprili wala ile ya Mei. Hii utaijibu.

OH ipo. Ipo, ipo, ipo. Ulikuwa sawa tangu siku ya kwanza.

Ngoja nikueleze taratibu. Leo asubuhi mwenzangu wa manukato aliniletea sampuli yake, aldehidi jirani na OH kama yako. Kwa kuwa fundi yuko likizo nimeipima mwenyewe. Nimeiweka mashine kama ninavyoiweka siku zote, kuanzia sifuri mpaka kumi na nne. Kilele cha OH kikatokea kule mbali kushoto, kwenye namba kubwa, kumi na moja, kimesimama wima. Nikakitazama. Nikakimbilia kabatini, nikatoa nakala ya karatasi yako, nikaikunjua mpaka pembeni kabisa. Inaishia kumi. Mpenzi wangu, karatasi yako inaishia kumi.

OH yenye aldehidi jirani inashikwa mkono na oksijeni ya yule jirani, inavutwa mpaka kupita kumi. Mimi ndiye niliyekufundisha hilo kwenye ngazi za maktaba. Na mimi nimekwenda kuitafuta kati ya nne na saba kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nitakwambia ilivyokuwa, nililokuficha Februari. Mkurugenzi aliponiita ofisini hayakuwa mambo ya kawaida. Aliniambia watu wameanza kusema. Sampuli ni ya mchumba wake, mashine iko mikononi mwake, saini ni yake, mnategemea nini. Niliona aibu kukuandikia mambo kama hayo, wewe ukiwa unapanga vitabu kichwani. Basi nikaamua nisiguse mashine. Nilimwachia fundi aipime peke yake, mimi nikasimama nje ya mlango ili kila mtu anione niko nje. Fundi hupima kila kitu mpaka kumi, watu wa dawa hawahitaji zaidi, na karatasi ni ya kubana. Sikuuliza. Nilipokea karatasi mbele ya mkurugenzi, nikaitafuta OH katikati tu. Niliogopa kukupendelea mpaka nikakuonea.

Unga uliobaki ulikuwa bado kabatini. Nimemwita mkurugenzi mwenyewe akae pembeni yangu, nimeupima mpaka kumi na nne. Kilele kipo, kumi nukta tisa, chembamba, kizuri. Nikatia tone la maji mazito, nikatikisa, nikapima tena. Kikatoweka. Vingine vyote vikabaki mahali pake. Hiyo ni OH, hakuna mjadala, ni yenyewe inayobadilishana na maji mazito, hakuna haidrojeni nyingine hapo yenye tabia hiyo. Mkurugenzi amevua miwani akasema, “Huyu kijana ametuzidi.” Nimesaini. Nimesaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa.

Yule waliyempa nafasi alikataa dakika ya mwisho. Bado iko wazi. Mkurugenzi anakuandikia wiki hii.

Karatasi mpya hizi hapa, zote mbili, kabla ya maji mazito na baada. Njoo. Tutatafuta vyumba vingine. Nisamehe kwanza, kisha njoo.

Jicho wako


Chuo cha Ualimu
23 Juni

Jicho,

Nimeketi na barua yako tangu ifike. Barua zako za nyuma sikuzifungua. Nilimpa Mama azitunze, nikamwambia asinipe hata nikilia. Hii ilikuwa nene, amenipa mwenyewe.

Nitakwambia jambo, na nataka unisikilize mpaka mwisho.

Niliona karatasi inaishia kumi. Niliona siku ileile ilipofika. Kabla ya kusoma hata kilele kimoja nilikwenda moja kwa moja kule kushoto kuitafuta OH yangu, kwa sababu wewe ulinifundisha, na nikakuta karatasi imekatika.

Ungekuwa ni mtu mwingine yeyote ningecheka. Ningeandika, bwana wee, ongeza karatasi. Lakini ulikuwa ni wewe. Sikuwa na habari za fundi. Kwangu ile mashine ilikuwa ni mikono yako. Nikajiuliza, Jicho asahau kutazama kupita kumi? Jicho? Jua lingesahau kuchomoza kwanza. Basi nikasema ameikata mwenyewe, makusudi. Hataki nije, hajui namna ya kuniambia, na amenionyesha kwa lugha ambayo ni mimi peke yangu nitaielewa. Ndiyo maana nilikuomba uniambie kama kuna jambo. Ukanijibu kwa hasira na habari za chembe za fenoli, wakati unajua na mimi najua OH iko wapi. Nikasema yamekwisha. Niliona afadhali niondoke kimya kuliko kukulazimisha useme.

Sasa nimesoma kwamba ulikuwa umesimama nje ya mlango.

Jicho, nimeoa. Mwishoni mwa Mei. Mama aliona ninavyokonda, akamzungumzia mwalimu wa hesabu wa hapahapa chuoni. Ni mtu mwema, mpole, hana kosa lolote katika haya. Nilimwambia ukweli, kwamba moyo wangu umeachwa mahali. Akasema atakaa na uliobaki. Siwezi kumfanyia mtu wa namna hiyo ubaya, na wewe usingetaka nimfanyie.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda maabara nikafunga mlango. Nilivunja ile kondensa yenye ufa. Sikukusudia, niliishika tu.

Mkurugenzi ameandika. Nafasi ni yangu, kuanzia Agosti, na nyumba ya wafanyakazi juu yake. Mke wangu anasema uamuzi ni wangu, nikitaka twende tutakwenda. Kazi kama hii sitaipata tena maishani, hilo najua. Nitakuwa kwenye korido moja nawe, na mashine moja. Sijajibu. Sitaki kuamua peke yangu tena, nimeona nilichofanya nilipoamua peke yangu.

Nakuuliza wewe. Nije?

Mzee wa Chupa


Taasisi, Chumba cha Mashine
6 Julai

Mzee wa Chupa,

Hongera kwa ndoa. Nimeliandika neno hilo la kwanza ili liishe. Huyo mwalimu wa hesabu usimlaze na njaa kwa ajili ya mambo yetu, na karatasi zangu usizibandike popote ambapo atakuwa anapita.

Kwa hiyo uliona. Machi yote, Aprili yote, uliona. Nimekaa na hilo kila siku tangu barua yako ifike, na bado silimalizi. Kwenye barua yako ya Machi kulikuwa na nafasi chini, nusu ukurasa mtupu, nimeitoa nikaitazama. Maneno manne yangeenea pale, “Mbona karatasi inaishia kumi?” Ningesoma, ningepiga kelele, ningekimbilia kabatini, na leo ningekuwa nagombana nawe juu ya ukuta wa vitabu. Maneno manne tu. Ungemwandikia hayo mtu yeyote duniani, umesema mwenyewe, isipokuwa mimi.

Uliniamini mno, mpenzi wangu. Uliniamini hata ukaona ni rahisi zaidi mimi kuwa mwongo kuliko kuwa mtu aliyekosea. Nami sikupona kwenye hilo, maana nilikuwa na ya kwangu. Ningekwambia Februari kwamba watu wanasema, kwamba sitagusa mashine, ungejua ile karatasi si ya mkono wangu. Nilikuficha nisikuharibie furaha. Tumehurumiana mpaka tumeachana.

Nimelia, nisikufiche na hili. Nimelia mbele ya fundi, ambaye tangu asikie habari hii hanywi chai yake sawasawa na kila sampuli anaipima mpaka kumi na nne, hata ya watu wa dawa. Nimemwambia hana kosa. Ananiitikia lakini haamini.

Kuhusu kazi yako. Ripoti imetoka, jina lako liko juu peke yake, langu liko chini kama aliyesoma spektra. Nimezungumza na mkurugenzi. Ameahidi kukuandikia barua ya kukutambulisha kwenye taasisi nyingine zenye mashine kama hii, na anawajua watu, watakuchukua. Usikae hapo ukabishana na jiko. Una mikono ya dhahabu, na sasa kuna karatasi inayosema hivyo.

Na sasa swali lako. Umeniuliza, nami nashukuru kwamba mara hii umeniuliza. Nitakujibu bila kukata kitu pembeni.

Usije.

Nimejaribu kuona itakavyokuwa. Asubuhi unapita mlangoni kwangu na kichupa, unasema habari za kazi, nasema nzuri. Jioni namwona mkeo dirishani kwenye nyumba ya wafanyakazi, anaanua nguo zako. Nawaamkia wote wawili. Watu hufanya hivyo, najua, wanazoea. Mimi sitaki kuzoea.

Kama ningekuwa sikupendi, ningekwambia njoo.

Jicho